Banda la Mtumbwi wa Nsimire

Maji yalikuwa ndani ya mstari tu. Hilo ndilo lililomshtua Anaclet Mushagalusa asubuhi ile ya Jumanne alipofunua mchoro wake juu ya meza ya ofisi. Karatasi ikimwagikiwa hulowa ovyo. Maji hayajui mipaka. Haya yalikuwa yamejaza mstatili wa banda, mita tisa kwa tano, yakafika kwenye wino pande zote nne, yakakoma. Nje ya mstari, bustani ya Bwana Lekeux ilikuwa kavu kama ilivyochorwa.

Aliinama akanusa. Tope la ufukweni, matete yaliyooza, ubao wa mtumbwi wa zamani. Akatazama dari. Mwaka ule wa 1956 paa za serikali mjini Bukavu zilivuja kwa utaratibu, kila mvujo ukiwa na namba yake kwenye daftari, na juu ya meza ya Anaclet hapakuwa na mvujo ulioandikishwa. Akakausha maji kwa karatasi ya kunyonyea wino, hakumwambia mtu. Saa sita ofisi ikafungwa kwa chakula. Saa nane aliporudi na kufungua kwa ufunguo wake mwenyewe, mstatili ulikuwa umejaa tena.

Banda hilo halikuwa limejengwa. Halikuwa na hata tofali moja. Lilikuwa mpango tu, na mpango wenyewe ulikuwa na miezi minne.

Bwana Lekeux alikuwa mkuu wa wachora ramani katika ofisi ya ujenzi, na alikaa katika nyumba nzuri kwenye rasi ya Nyalukemba, bustani ikishuka hadi majini. Alikuwa na mashua mbili za tanga, mtumbwi mwembamba wa kuagizwa kwa katalogi, mbao za kuteleza juu ya maji, hema, wavu wa tenisi, nyundo za mbao za kugongea mipira kwenye majani, na jozi mbili za mbao za kuteleza juu ya theluji. Za theluji alikuwa amezileta kutoka Ulaya kwa tahadhari. Hakuna aliyewahi kumwuliza tahadhari ya nini. Vyote hivyo vililala nyuma ya nyumba chini ya turubai, vikiliwa na mchwa na mvua, na Bwana Lekeux alikuwa ameapa kuvijengea banda zuri kuliko yote ya ziwa Kivu. Wenye kumjua walisema alistarehe zaidi kupanga mahali pa kuweka mashua kuliko kupanda mashua. Leo mlango uwe wa mikunjo, kesho uwe wa kuteleza. Dirisha lielekee ziwa, hapana, lielekee machweo. Kila mabadiliko yalichorwa na Anaclet, baada ya saa za kazi, kwa urafiki.

Urafiki huo ulikuwa na umbo lake. Anaclet alikuwa ameomba kadi, ile iliyomfanya Mkongo ahesabiwe karibu sawa na Mzungu: mtoto wake angeingia shule ya Wazungu, yeye angetembea mjini baada ya saa tatu ya usiku bila kuulizwa karatasi, na hakuna bwana yeyote ambaye angemwita “wewe, boy” na kuwa upande wa sheria. Alikuwa ameisubiri miaka mitano. Alikula kwa uma hata alipokuwa peke yake. Kwenye faili lake ilibaki barua moja tu, ya mkuu wake wa kazi.

“Barua yako imekwisha kuandikwa, mon cher,” Bwana Lekeux alimwambia kwa Kifaransa. Alitumia Kifaransa alipotaka kitu na Kiswahili alipoamuru. “Hapa kichwani. Tumalize banda kwanza.”

Basi wakaenda kupima uwanja, Jumamosi moja saa kumi za alasiri, jua bado limesimama juu ya maji. Bwana Lekeux alishika ncha ya utepe, Anaclet akapigilia vigingi vinne vya mti na kuvizungushia kamba. Alipogonga cha nne alihisi mkono wake mzito, kwa sababu alipajua pale. Kabla ya villa, kabla ya majani yaliyokatwa, pale palikuwa nyuma ya nyumba ya baba yake. Alizaliwa pale, na alikuwa na miaka sita waliposukumwa juu mlimani na karatasi ambayo baba yake hakuweza kuisoma.

Na kuna jambo lingine. Mwaka mmoja kabla ya kuhamishwa, shangazi yake Nsimire, dada ya baba, alipiga kafi kwenda kisiwa cha Idjwi na mzigo wa maharagwe, hakufika na hakurudi. Katika ukoo wa Anaclet, mtu aliyepotelea majini bila kuonekana hazikwi. Hujengewa kijumba nyuma ya nyumba, kirefu kama mtumbwi wake. Walisema maiti huyo hajui kwamba amekufa, anaendelea kupiga kafi usiku na mchana, na hatapumzika mpaka apewe mahali pa kuweka mtumbwi. Mwanamume wa ukoo wake hupigilia vigingi vinne, akavizungushia kamba. Hiyo ndiyo ahadi, na hiyo ndiyo njia ya kumwita. Baba yake Anaclet alikuwa amechagua pale pale. Akahamishwa kabla ya kugonga kigingi cha kwanza.

Sasa mtoto wake alikuwa amegonga vyote vinne, kwa ajili ya mbao za theluji za Bwana Lekeux.

Mtu anayengojea kadi hasemi mambo ya mizimu mbele ya mkuu wake. Alifuta jasho, akaandika vipimo.

Jumatatu ikaja karatasi. Ili kujenga karibu na maji, serikali ilitaka hati kwamba uwanja uko wazi: hakuna mwenyeji, hakuna kaburi, hakuna haki yoyote ya kimila. Na kwa kuwa serikali ilijali sana wenyeji, ilitaka hati hiyo itiwe sahihi na mwenyeji.

“Wewe unatoka upande huu, sivyo?” Bwana Lekeux aliuliza, akimpa kalamu yake mwenyewe, ile ya ncha ya dhahabu.

Anaclet akasoma yote. Karani mwema husoma yote. *Nathibitisha kwamba mahali hapa hakuna mtu.* Akatia sahihi, na mkia mzuri chini ya jina. Siku iliyofuata ndiyo ile Jumanne ya maji.

Nyumbani kwake Kadutu sauti ilianza alasiri ya Jumatano, wakati mkewe Bibiane akipiga pasi shati za ofisi. Ko. Kisha kimya cha pumzi moja. Ko. Mti ukigonga ubavu wa mti, chini ya saruji ya chumba cha kulia.

“Papa Noëlla,” Bibiane alinong’ona mumewe alipoingia, “sikia. Iko mutu anapiga kafi chini ya nyumba.”

“Iko panya.”

“Panya ya kupiga kafi? Hata weye na masomo yako yote?”

“Wacha, Bibiane. Batu watasikia.”

“Watasikia nini, kama iko panya?”

Usiku huo kitanda kililowa upande wa Anaclet tu, kuanzia begani mpaka kisiginoni, na maji hayakuvuka kwenda upande wa Bibiane. Wali ukawa na ladha ya tope. Noëlla, binti yao, alirudi kutoka kwa masista akauliza kwa nini nyumba inanuka kama bwawa la samaki, na Bibiane akampeleka siku hiyo hiyo kwa dada yake. Kisha, Ijumaa, saa nane, jua likiwaka hata mabati yanalia, Bibiane akatoka na beseni la nguo akamkuta mwanamke ameketi kwenye barza, mgongo umegeukia mlango, kitambaa cha mtindo wa kale kimemganda, na nywele zinadondosha maji juu ya saruji iliyofagiwa.

“Maman, karibu,” Bibiane akasema, maana ndivyo mtu husema. “Unatafuta nani?”

Mwanamke hakugeuka. Alijibu kwa Mashi, lugha ya kwao, ile ya wazee, sauti ikitoka kama mtu anayezungumza na mdomo ndani ya kikombe:

“Niweke wapi mtumbwi?”

Beseni likaanguka. Bibiane alipoinua macho palikuwa na alama mbili tu za miguu, zimejaa maji, na vidole vyake vilielekea ndani ya nyumba.

Jioni hiyo alimkalisha mumewe mbele ya uma na visu vyao sita.

“Ulifanya nini?”

Akamwambia. Vigingi, karatasi, kalamu ya dhahabu. Alipofika kwenye maneno *hakuna mtu*, chini ya saruji sauti ikakoma, kama nayo ilitaka kusikia.

“Ulimukana,” Bibiane akasema taratibu. “Damu ya baba yako. Ulimuita kwa mukono huu, na kwa mukono ule ukaandika haiko.”

“Ni kwa ajili ya kadi. Ni kwa ajili ya Noëlla.”

“Usimutie Noëlla mule.”

Maman Eulalie, mganga aliyeitwa na Bibiane, alikuja kutoka kijiji cha Mudaka kwa miguu, mzee mdogo mkavu mwenye rozari shingoni na kibuyu kiunoni, na hakuona kwamba vitu hivyo viwili vinagombana. Alivua viatu, akatembea chumba kwa chumba kama mtu anayetafuta mbuzi. Kwenye chumba cha kulia akasimama.

“Iko hapa.”

“Iko nini, maman?” Anaclet aliuliza. “Ni shangazi?”

“Waislamu ba Kasongo wanaita jini. Masista wanaita shetani. Serikali sijui inaita nini.”

Serikali haikuwa na safu ya jambo hilo kwenye fomu zake. Anaclet alizijua zote.

“Sikia, mwanangu. Mutu akae miaka makumi mbili na saba ndani ya maji bila mahali, haiko tena shangazi wa mutu. Ziwa limekula yote. Limeacha jina, na ile kazi ya kafi. Unamuita, anakuja na njaa. Umemukana, sasa hajui tena aende wapi. Atakaa kwako.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka mutu amupe mahali. Ama,” akamtazama Bibiane, si yeye, “mpaka nyumba yako iwe ziwa.”

Ndipo Anaclet akafanya jambo ambalo baadaye alilirudia kichwani mara nyingi, akitafuta mahali ambapo angeweza kugeuka. Alikwenda kwa Bwana Lekeux, akamwambia ukweli.

Bwana Lekeux alimpokea kwenye barza ya mbele. Miaka tisa Anaclet alikuwa ameingia kwa mlango wa jikoni, na jioni ile alipewa kiti cha mikono na bia baridi, na mpishi Floribert aliyeileta alikodoa macho. Mzungu alisikiliza bila kucheka. Aliuliza maswali mazuri: jina la shangazi, mwaka, mtumbwi ulikuwa na urefu gani. Mwishoni akamwekea mkono begani.

“Baba yangu alizikwa mbali na kwao,” alisema. “Ninaelewa. Kona ya kaskazini ni yake. Mita moja kwa nne. Ichore kesho; tutaandika ‘stoo ya kamba’, ili ofisi isiulize. Na hati ile nitaitafuta niichane. Hili ni kati yetu, Anaclet. Kati ya marafiki.”

Anaclet alilia njiani, akaficha uso kwa kofia. Si kwa hofu. Ni kwamba hakuna Mzungu aliyewahi kumwuliza jina la mtu wake aliyekufa.

Akachora kona. Alichora vizuri kuliko milango yote na madirisha yote ya miezi minne, na ndani yake, kwa penseli nyepesi ambayo jicho lisilojua lisingeona, akaandika *Nsimire*. Mstatili wa banda ukakauka. Kitanda kikakauka. Wiki mbili nyumba ya Kadutu ilinuka sabuni na vitunguu tu, na Noëlla akarudi, na Bibiane akaanza tena kuimba akipiga pasi.

Tume ilikuja Jumamosi saa nne asubuhi kukagua kama Anaclet Mushagalusa amestaarabika. Walikuwa watatu: mwenyekiti, aliyekuwa jaji mwenye masharubu ya mvi; padri mnene; na mwandishi kijana mwenye mkoba. Walihesabu uma. Walifungua kabati la vitabu na kuvuta kimoja kuona kama kurasa zimekatwa. Walimwuliza Bibiane kama analala mezani au kitandani, akajibu kwamba mezani hakutoshi watu wawili, na padri akakohoa kuficha kicheko. Walikwenda chooni mmoja mmoja, kwa heshima, kama wanaokwenda kuaga maiti, wakarudi wameridhika. Anaclet alianza kupumua.

“Limebaki jambo dogo,” mwenyekiti alisema, akifungua faili. “Barua ya mkuu wako. Ni haki yako kuisikia.”

Akasoma. Bwana Lekeux alimsifu mchora ramani wake: mwaminifu, msafi, mstari wake hauna mtetemo. *Hata hivyo dhamiri inanilazimu kutaja kwamba mhusika bado amefungwa kabisa na ushirikina wa kabila lake. Mwezi huu alinijia nyumbani akiniomba, kwa machozi, nimtengee shangazi yake aliyezama mwaka 1929 chumba katika banda langu la mashua. Nilimwitikia ili kumtuliza. Naona inafaa aendelee kukaa chini ya uangalizi wangu, kwa miaka mitano mingine.*

Chini ya barua palikuwa na nakala ya mchoro, ukiwa na muhuri wa kukubaliwa. Anaclet aliutambua mkono wake mwenyewe, na aliutambua pia mkono uliosugua kona ya kaskazini mpaka karatasi ikaota manyoya, ukaandika juu yake: *rafu ya mbao za theluji*. Nyuma yake ilikuwapo hati ya uwanja wazi. Haikuchanwa. Sahihi yake ilikuwa chini, na mkia wake mzuri.

Akaelewa yote kwa mara moja, bila hata kukasirika, kama mtu anayesoma hesabu iliyokwisha kufanywa: mchora ramani mwenye kadi angekwenda kufanya kazi popote apendapo, na nani angekaa jioni kuchora milango ya kuteleza kwa urafiki? Ile bia. Yale maswali mazuri. Jina la shangazi aliliomba ili aliandike.

Ko, ikasema saruji.

Mwandishi alitazama viatu vyake. Ko. Padri akaweka kikombe mezani, na kahawa ndani ya kikombe ilikuwa inatikisika kwa miduara, na harufu ikaingia bila mlango kufunguliwa, tope na matete na ubao uliooza, nzito hata mwenyekiti akatoa leso, na wakati huo huo mstari wa maji ukatokea chini ya ukuta wa kaskazini na kuanza kuja, si kwa kutapakaa kama maji ya mvua bali kwa upana mmoja, ukingo wake umenyooka kama umepigwa rula, ukapita chini ya kabati, ukapita kati ya miguu ya padri bila kumgusa, na juu ya maji hayo, ambayo hayakuzidi unene wa kidole, kilipita kivuli kirefu chembamba kisichokuwa na kitu juu yake cha kukitupa, polepole, ko, polepole, ko, kikaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha Anaclet na kusimama, na Bibiane aliyekuwa mlangoni na sinia akasikia, na Anaclet akasikia, na hakuna Mzungu aliyeapa baadaye kwamba hakusikia, ile sauti ya mdomo ndani ya kikombe ikiuliza kwa Mashi, bila hasira, kwa uchovu mkubwa mno:

“Niweke wapi mtumbwi?”

Kisha maji yakarudi nyuma, kwa mstari ule ule ulionyooka.

Padri alikuwa ameshika msalaba wake. Mwenyekiti alikunja leso mara nne, akamwashiria mwandishi, na mwandishi akajaza sehemu ya fomu iliyoitwa *Hali ya nyumba*. Aliandika neno moja: *Unyevu.*

Kadi ilikataliwa kwa barua, nakala tatu.

“Sasa nifanye nini?” Anaclet alimwuliza Maman Eulalie. Walikuwa wameketi kwenye mawe ufukweni, chini ya mji, saa sita ya mchana, wanawake wakifua nguo mbali kidogo. Mapajani alikuwa na nakala yake ya kwanza ya mchoro, ile yenye kona.

“Uliniambia umuzungu anajenga ile nyumba.”

“Anajenga. Kuta zimefika juu.”

“Pale pale kwenye vigingi vyako?”

“Pale pale.”

“Basi nyumba iko. Mwambie njia.”

“Kona ameifuta, maman.”

“Amefuta kwa karatasi. Mutu wa maji anasoma karatasi? Anasoma vigingi.” Akatema pembeni. “Usimwombe afanye mubaya. Usimutume. Mwambie njia tu. Ile haiko uchawi. Ile ni adresi.”

“Na mwenye nyumba?”

Mzee akacheka kidogo, bila meno. “Weye ndiye ulinisomea ile hati. Inasema nini? Pale hakuna mutu. Kashe, ile muhuri ya serikali, iko chini. Basi, hakuna mutu.”

Anaclet akasimama, akaingia ziwani mpaka maji yakafika kwenye vifundo vya miguu, na suruali yake ya ofisi ikalowa, akaita jina la shangazi yake kwa sauti, mara ya kwanza tangu utotoni. Alimwomba msamaha. Alimweleza kama mtu anavyomweleza mgeni wa mji: zunguka ncha ya rasi, hesabu bustani ya tatu, mlango mpana, unaelekea maji, kona ni ya kaskazini. Maman Eulalie akamwaga kibuyu chake, pombe ya ndizi, akamalizia na Salamu Maria. Karatasi waliiweka juu ya maji. Haikuzama wala haikusukumwa na mawimbi. Ilienda kuelekea rasi kwa mwendo wa kafi: ikasogea, ikatulia, ikasogea.

Jumatatu Bwana Lekeux alisimama kwenye meza yake. “Nimesikia kuhusu kadi. Pole sana, mon cher. Tutajaribu tena.” Mkono begani. “Rafu ya mbao za theluji, isogeze sentimita thelathini.”

Anaclet akafungua kinywa. Palikuwa na nafasi ya kusema, tena ya kutosha. Bwana Lekeux alikuwa amesimama akingoja, hata akainua nyusi. Angeweza kumwambia: usiingie humo peke yako. Mtu humwambia hivyo rafiki.

“Ndiyo, bwana,” akasema, akachukua rula. Mstari wake haukuwa na mtetemo.

Banda lilimalizika Septemba. Kadutu palikuwa kimya. Jumapili ya kwanza ya Oktoba, asubuhi isiyo na upepo, ziwa limelala kama sahani, Bwana Lekeux alishusha mashua yake ndogo na kutoka. Floribert alimwona mpaka kwenye ncha ya rasi. Saa sita hakurudi kula. Saa tisa walitoka na mashua za injini kumtafuta, wakatafuta siku nne. Ni Floribert aliyechungulia kwenye dirisha la banda. Mlango ulikuwa umekomelewa kwa ndani, na katika kona ya kaskazini, rafu ikiwa imeng’olewa na mbao za theluji zimepangwa nje ya mstari kwa adabu, ilikuwapo mashua, imelowa, tanga limekunjwa, imefungwa kwa fundo ambalo watu wa mitumbwi wa Bushi, kwao Nsimire, pekee hufunga. Walivunja mlango. Ndani hapakuwa na mtu. Sakafu yote ilikuwa na maji unene wa kidole, na maji hayakuvuka kizingiti.

Serikali haiwezi kufunga faili la mtu bila kufunga pia faili la nyumba yake. Mwisho wa mwezi bwana wa wilaya, kijana mpya aliyefika majuzi kutoka Ulaya, alikuja kuurudisha uwanja kwa serikali. Alitaka hati kwamba jengo liko tupu, na hati hiyo ilitaka mwenyeji. Mtu ofisini akakumbuka kwamba Mushagalusa alikuwa ametia sahihi ya kwanza.

Walisimama mbele ya mlango, kufuli jipya likimetameta, saa nne asubuhi. Fomu ilikuwa ile ile. Neno *hakuna* lilikuwa limepigwa chapa tayari, ili kumrahisishia shahidi.

“Hapa chini,” bwana wa wilaya alisema.

Anaclet hakuchukua kalamu mara moja. Aliweka sikio kwenye ubao. Ndani, ko. Pumzi moja. Ko. Mpigo wa mtu aliyezaliwa na kafi mkononi. Na nyuma yake ulikuwapo mpigo wa pili, wa ovyo, unaochelewa, unaogonga ubavu mahali pasipostahili, kama wa mtu ambaye maisha yake yote alipenda kupanga kuliko kupiga. Kisha sauti ya kiume, mdomo ndani ya kikombe, kwa Kifaransa safi cha mtu anayetaka kitu, ikaomba ionyeshwe mahali pa kuweka mashua.

Anaclet alikata neno *hakuna* kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika: *Ndani mna watu wawili.* Akatia sahihi bila mkia.

Kijana alisoma mara mbili. “Una hakika?”

“Mara hii, ndiyo, bwana.”

Bwana wa wilaya alitaka kucheka. Akasogea naye, akaweka sikio. Alikaa hivyo kwa muda, na Anaclet akaona wekundu ukimtoka shingoni kwanza, kisha mashavuni. Aliponyooka alichukua kalamu, akakata maneno ya shahidi, akaandika moja tu mahali pake, *Unyevu*, akatoa muhuri mfukoni na kuupiga kwenye karatasi iliyoegemezwa mlangoni.

Kwa kishindo cha muhuri kafi zote mbili zikatulia, kama wenye nyumba wanaosikiliza wakibishiwa hodi. Kisha moja ikaanza tena, ile isiyojua kazi.

Anaclet akavaa kofia yake, akapita kwa lango la mbele.